Barua kwa Mama Kulwa: umeiva au umechoka?

Pasiansi, Mwanza
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Kulwa,

Nakupa mwangaluka ya asubuhi, hata kama unaisoma usiku. Ule ujumbe wako wa sauti wa dakika 11 nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga. Unauliza kama umeiva kuacha kazi uwe kocha wa maisha na kazi, wa kumsaidia mtu apate jibu lake mwenyewe, moja kwa moja. Bosi wako umemtaja mara nne, wateja mara moja. Nilihesabu, unisamehe.

Kuchoka na ofisi si kuiva. Nasema hivyo kwa sababu mimi nilianza hivyohivyo, na aliyenifumbua macho ni mama mmoja muuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Kila ikiingia mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawatoki, na mtaji wake unakatika. Tulikaa juu ya ndoo zilizogeuzwa, yeye akichambua mchanga kwenye dagaa. Sikumaliza dakika tano nikawa nimeshampangia maisha: fungua daftari, ingia kikoba, tafuta wanunuzi wa Kongo. Akanijibu, "Sawa mwalimu, asante," mikono haijasimama. Nikaondoka najiona bingwa.

Wiki mbili baadaye nikamkuta palepale. Siku hiyo nilikuwa na mafua, sauti imekauka, nikaweza kuuliza swali moja tu: pesa ya siku za giza zilizopita, wavuvi walipotoka, imekwenda wapi? Akanyamaza. Akaokota kijiwe, akakiweka kwenye mfuniko, akaokota kingine. Nilitamani kusema kitu, chochote, koo likanikatalia. Hatimaye akasema, "Nampa kaka yangu. Sijawahi kumnyima." Kazi ikaanzia hapo, na ule ushauri wangu wa daftari haukuwa na kazi hapo.

Sasa wewe, kazi yako ya utumishi inakulipa kuwa na majibu. Na nakujua: hata mhudumu wa sato humwachi amalize kutaja bei. Hilo ndilo linanitia wasiwasi, cheti hakinisumbui. Cheti kina hesabu yake. Shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, lililoanzishwa Marekani mwaka 1995, kwa ngazi ya kwanza, ACC, linataka mafunzo ya saa 60, saa 100 za kukaa na wateja, 75 kati yake ziwe za kulipwa, na saa 10 chini ya kocha mlezi. Kisha mtihani. Ngazi ya pili saa za wateja zinafika 500. Mafunzo utayamaliza, wewe ni msomaji. Hizo 75 za kulipwa ndizo zitakutoa jasho, maana hapa kwetu ukisema wewe ni kocha mtu anakuuliza kama umechukuliwa na timu ya Pamba Jiji.

Kuna jingine hulioni ukiwa ndani ya ajira. Kampuni moja hapa mjini iliniita nikae na mameneja wake watatu kama kocha wao. Mwezi wa pili mkubwa wao akataka nimpe kila walichoniambia. Nilikataa, mkataba ukaishia hapo, na ada ya shule ya Neema nikakopa. Siku hizi kabla ya kikao cha kwanza tunaandika, sote watatu: mimi, mlipaji na mteja, nani atajua nini. Je, wewe ungeweza kukataa, na kodi ya nyumba inadaiwa? Halafu yuko mteja anayekuja na msiba badala ya lengo. Mmoja alilia vikao viwili mfululizo, nikamwelekeza kwa wataalamu wa hospitali ya Bugando, na sikumtoza kitu. Si kila anayelia mbele yako ni wako.

Basi barua ya kuacha kazi iache kwanza kwenye droo. Tafuta watu watatu wasio ndugu wala wa kanisani kwenu, watoze japo kidogo, wakutane nawe jioni baada ya kazi. Mmoja akikubali, rekodi kikao kizima. Usikihariri. Njoo nacho Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tukae barazani kwangu tusikilize pamoja, na saa ya ukutani itatuambia nani kaongea zaidi. Sato nitanunua mimi, bei niachie niulize mwenyewe.

Wasalimie Kulwa na Doto.

Wako,
Mama Neema