Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: daraja letu la korongoni

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Mpwapwa upande wa Gulwe, sasa hivi naendesha bajaji hapa Dodoma mjini. Siombi ajira wala mkopo, nina ombi la daraja, na najua utajiuliza mbona limekuja kwako na sio kwa watu wa reli, nivumilie kidogo.

Reli ya Kati Mjerumani aliianzia Dar 1905, Morogoro ikafika 1907, Dodoma 1910. Kutoka Kilosa kupanda huku kwetu inafuatana na mto, Mkondoa halafu Kinyasungwe, na mito ya Ugogo unaijua, kiangazi mchanga mtupu watu wanafukua ndo wapate maji, masika inashuka na miti mizima mizima. Ndo maana madaraja ni mengi. La kwetu sio kubwa bana. Nguzo za mawe ya kuchonga, upande maji yanakotokea wamezitoa ncha kama pua ya mtumbwi ili mafuriko yapasuke yapite pembeni, juu mihimili ya chuma imeungwa kwa ribiti tupu (ile misumari ya chuma inayopondwa vichwa pande zote), hakuna palipochomelewa. Utotoni tulikuwa tunakaa chini yake na mbuzi saa sita jua likiwaka tunahesabu zile ribiti, hatukuwahi kumaliza maana treni ikipita juu wote mbio, mkirudi mmesahau mliishia ngapi.

Halafu 1916 Wajerumani wakimkimbia Mwingereza wakawa wanalipua madaraja ya reli hii, Dodoma ikachukuliwa mwishoni mwa Julai. Sasa nguzo moja ya kwetu chini mawe meusi, juu mekundu. Mimi nasema kile ni kiraka cha vita, mtaalamu wako akija anatumaliza ubishi siku hiyohiyo. Na mafuriko ya mwisho wa 2009 kuingia 2010 yaling'oa reli kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama miezi, lakini lenyewe lipo tu.

Kwanini wewe: abiria wangu mmoja mwanasheria (foleni ilikuwa ndefu) alinionyesha kwenye simu Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Jengo la kabla ya 1863 linalindwa moja kwa moja, hata mlango wa kuchonga wa kabla ya 1940 umo, ila daraja letu limechelewa kuzaliwa kama miaka 45 hivi, kwahiyo halimo mpaka waziri mwenyewe alitangaze. Yaani mlango wa 1939 una ulinzi kuliko daraja lililopigiwa baruti!

Mwaka jana nilienda kumsalimia mama, nikakuta kipande cha chuma cha pembeni kimekatwa, alama ya gesi bado inang'aa. Vyuma chakavu hivyo, vinapimwa kwa kilo. Sasa hivi macho yote yapo kwenye reli mpya, SGR, na mimi nimeipanda, tamu sana sikatai, ila huku nyuma watu wanakata taratibu usiku.

Naomba utume watu wapime, wapige picha, waandike, halafu wewe usaini. Wasije masika, gari haifiki. Waje Agosti korongo likiwa kavu washuke mpaka chini ya nguzo, na mama ameshasema ugali wa uwele na mlenda upo, hata wakija kumi.