Bati la chumba cha vigae: mchango kwa ajili ya magofu ya Chwaka na Tumbe

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu zetu mliopo Pemba, na mliotawanyika Unguja, Tanga, Mombasa na Maskati: Alhamisi iliyopita tulifukia shimo la mwisho la uchimbaji wa mambo ya kale. Wanafunzi wa chuo na walimu wao wameshateremka Mkoani kupanda boti, na kijiji kimerudi kimya. Kilichobaki ni mifuko 61 ya vigae, yaani vipande vya vyungu vya kale, imerundikwa chumba cha nyuma cha skuli chini ya bati linalovuja. Mchango tunaouomba ni wa bati hilo na mambo mengine mawili matatu nitakayoyaeleza.

Kwanza nisimulie wiki tatu hizo zilivyokwenda, maana wengi mmeuliza, na wengi zaidi mmeuliza swali moja tu: mmepata dhahabu?

Hatukupata. Najua swali linatoka wapi. Mwaka 1984 kule Mtambwe Mkuu, gofu jingine la Pemba, zilifukuliwa sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu za Mafatimi, watawala wa kale wa Misri, na tangu hapo anayeonekana na mwiko wa uashi gofuni hudhaniwa anatafuta utajiri. Matokeo yake ni watu wanaokuja usiku na sururu. Kwetu tumeshakuta mashimo yao asubuhi, na mchimbaji wa usiku haandiki kitu: anavuruga matabaka yote, halafu anaondoka mikono mitupu.

Siku ya kwanza ilikuwa ya mapanga. Kichaka kilifyekwa, kamba zikafungwa kwenye vijiti, ukapatikana mraba wa mita 2 kwa 2. Vijana wetu tisa walikuja wakidhani watachimba kama wachimbavyo kisima. Wakapewa mwiko wa uashi na brashi, wakaambiwa wakwangue sentimita 10, wasimame, wapime, waandike, ndipo wakwangue tena. Mmoja akaniambia, "Mwalimu, hii kazi ya kuubembeleza mchanga." Siku ya pili na ya tatu hakukutoka kitu ila mizizi ya mnazi, makome, na kopo la maziwa ya unga, nalo likaandikwa daftarini kwa heshima zote.

Siku ya nne vigae vikaanza. Vyeusi, vimechorwa mistari iliyopangwa pembetatu pembetatu shingoni mwa chungu. Vya namna hiyo vina zaidi ya miaka 1,000. Kati yao kimoja kilichopakwa rangi ya kijani kinachoelekea buluu, kinang'aa kana kwamba kimeoshwa jana: hicho kilikuja na jahazi kutoka Ghuba ya Uajemi. Na vingine vyenye mifereji, ambavyo watoto walivichukulia kuwa takataka. Mifereji hiyo si pambo. Watu wa Tumbe ya kale walisugulia humo vipande vya kombe mpaka vikawa shanga. Kazi hiyo ilifanywa hapa kwa wingi mno. Walioishughulikia walikaa chini ya paa la makuti, pengine wakisengenya kama tunavyosengenya sisi.

Mambo haya hatukuyagundua sisi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher, wataalamu kutoka Marekani, walichimba Tumbe na Chwaka, na kazi yao ndiyo inayotupa mpangilio: Tumbe ilikaliwa tangu karne ya 7 hadi ya 10, nyumba zake za miti na udongo, kisha watu wakahama, na kuanzia karne ya 11 ukainuka mji wa Chwaka hapo jirani, wenye misikiti ya mawe, ukadumu hadi karibu karne ya 16. Kaburi la Haruni, ambaye masimulizi yanamfanya mtoto wa Mkama Ndume, mtawala wa kale wa Pujini, liko huko huko Chwaka. Ukatili wa Mkama Ndume mnaujua tangu utotoni, siurudii.

Siku ya sita ikanyesha mvua ya mchoo, na shimo likafunikwa kwa tanga la ngalawa tuliloazimwa na wavuvi. Siku ya saba tulikausha.

Siku ya nane ndiyo nitakayoikumbuka. Upande wa kaskazini wa shimo palitokea duara jeusi, mafiga yakiwa bado yamekaa pembeni: jiko. Udongo wa jikoni haukuchekechwa. Ulimiminwa ndani ya pipa la maji, ukakorogwa taratibu kwa mkono, na vyote vilivyoungua vikaelea juu: punje, makapi, vijiti vya mkaa. Vikaopolewa kwa kitambaa chepesi na kuanikwa kivulini. Bi mkubwa mmoja aliyeleta chai na boflo alisimama akatazama, kisha akasema, "Kwani huku si kuosha mchele?" Wanafunzi wakacheka. Mwalimu wao hakucheka, alimvutia kiti.

Bi mkubwa akakaa mpaka alasiri, akichambua: hili kapi, ile punje, hiyo mbegu ya jani tu, tupa. Mwalimu alikataa kuitupa, na kwa hilo walibishana sana. Hakuna aliyetoa hukumu ya mwisho, maana punje iliyoungua huhitaji darubini kabla ya kupewa jina. Lakini mwalimu alitueleza yaliyopatikana katika uchimbaji wa awali: Sarah Walshaw, aliyechunguza mbegu za hapa, alikuta kwamba Tumbe ya kale ilikula zaidi uwele, mpunga ukiwa haba. Chwaka, tangu karne ya 11, mambo yakageuka na mpunga ukashika nafasi. Wataalamu wanayahusisha mageuzi hayo na karamu na kukirimu wageni. "Kwa hivyo wali wa harusi una miaka elfu?" akauliza bi mkubwa. Karibu na hapo, akajibiwa. Akanyamaza kidogo, akasema tangu leo mtu asimwambie kwamba wali ni chakula cha juzi.

Sasa hesabu. Pipa lile lilikunywa maji ndoo baada ya ndoo, na bomba halikutoka siku nne mfululizo. Kina mama walichota kisimani bila kulipwa, na hatutaki kuwaomba hivyo tena. Tangi la lita 1,000 na mpira wake ni shilingi 330,000. Bati 20 ni 640,000. Mbao, misumari na ujira wa fundi 480,000. Rafu na masanduku ya kuhifadhia, ili panya asitafune vibandiko vilivyoandikwa shimo na tabaka (kigae kisicho na kibandiko ni kokoto tu), 550,000. Jumla ni shilingi 2,000,000. Mpaka leo tumekusanya 410,000, nyingi kutoka kwa wavuvi wa soko la Tumbe, ambao wamezoea kusikia bei zikinadiwa na hawakutushushia hata kidogo.

Mtu aliniuliza kwa nini tusiviachie vyote viende mjini vikahifadhiwe huko. Tuelewane: mambo ya kale ni mali ya nchi, na yapo chini ya Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Hatuombi kuvimiliki. Vinavyohitaji uchunguzi vitakwenda. Tunachotaka ni chumba cha vile vitakavyoruhusiwa kubaki, pamoja na nakala ya daftari la kila siku, kwa sababu yameshatukuta. Miaka iliyopita walikuja wageni wengine, siwataji, wakachimba, wakapiga picha, wakaahidi kutuletea. Watoto waliowabebea ndoo sasa wana watoto wao, na picha hatujaziona.

Na sisi wenyewe hatuna mikono safi. Nyumba niliyokulia ina ngazi tatu za matumbawe yaliyochongwa vizuri kuliko kitu chochote alichowahi kuchonga marehemu babu yangu, Mungu amrehemu. Kila mtu hapa anajua mawe ya namna hiyo yalitoka wapi. Kamati imekubaliana kwamba mwenye jiwe la gofu akilirudisha hataulizwa swali, na litahesabiwa kuwa mchango wake. Ngazi moja nimeshaing'oa. Mbili mama hajakubali.

Mwenye fedha azifikishe kwa mhazini, barazani kwa sheha, kila Ijumaa baada ya sala. Risiti zinaandikwa papo hapo na orodha inabandikwa mlangoni mwa skuli. Walio mbali wawape jamaa zao wa hapa. Mwenye bati kuukuu lisilo na tundu, mbao za jahazi lililovunjwa, kabati la kioo la duka lililofungwa, alete. Mwenye siku mbili na nyundo aje. Tunataka paa liwe limekwisha kabla ya masika, na wanafunzi wakirudi msimu ujao wakute rafu zimesimama.

Makarai mawili tuliyoazima kwa fundi wa Konde tumeyarudisha. Moja limepasuka, na tumekubaliana kumlipa. Hilo nalo litatoka katika mchango huu, na litaandikwa.

Katibu wa kamati, kwa niaba ya wanakijiji