YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUFUTWA KWA VITABU VYA MTEJA WETU WAKATI WA KUHAMIA KWENYE WINGU

Kwa Mkuu wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunaandika kama ofisi ya uhasibu inayotunza vitabu vya hesabu vya mteja huyu kwa programu yenu, ile inayofanya kazi mtandaoni (wingu) badala ya ndani ya kompyuta. Namba ya tiketi (tatizo tulilolisajili kwenu) mnayo, mkataba mnao, na masharti ya kipindi cha mpito mliyaandika wenyewe, kwa hiyo hatutawachosha kwa utangulizi.

Jumatano, saa 9 kasoro dakika 10 alasiri, kwenye kikao cha mtandaoni mlichokiitisha ninyi, ofisa wenu aliomba akabidhiwe kipanya cha kompyuta yetu ili "aangalie kitu kimoja tu". Akakabidhiwa. Akafungua mipangilio, akashuka hadi chini kabisa, akabonyeza kitufe cha kufuta data zote na kuanza upya. Programu yenu, na kwa hili tunaisifu, haifuti kwa kubonyeza mara moja: inataka jina la kampuni liandikwe lote, herufi kwa herufi. Aliliandika. Hakuuliza mtu. Mteja wetu, mwenye vitabu, alikuwa kwenye kikao hicho hicho akitazama, kwa kuwa ninyi ndio mliosisitiza awepo. Kazi ya siku 11 ikatoweka, na ofisa akasema, "Haya, sasa pakieni upya."

Mtusamehe kwa kuanzia mwisho. Turudi kwenye chanzo, maana chanzo nacho ni chenu.

Zana yenu ya kuhamisha ilileta miamala ya miaka 2 kutoka programu ya zamani ya kwenye kompyuta, halafu ikaleta na salio la malimbikizo ya faida (faida iliyokusanywa tangu mwanzo) la mwisho wa mwaka uliopita. Aliyewahi kufunga mwaka ameshaliona kosa. Programu yenu ya wingu haisubiri mtu aandike ingizo la kufunga; mwaka mpya ukianza, inajumlisha yenyewe mapato na matumizi ya mwaka uliopita na kuyapeleka kwenye malimbikizo. Salio lililopakiwa tayari lilikuwa na faida hiyo ndani yake. Faida moja ikahesabiwa mara 2. Urari, yaani orodha ya masalio yote ambamo debiti na krediti hutakiwa kulingana, haukuonyesha lolote, kwa sababu upande wa pili wa ingizo zana iliutupa kwenye akaunti ya muda (ya kuwekea kiasi ambacho bado hakijapatiwa mahali pake), debiti na krediti zikatoka sawasawa. Urari kulingana si urari kuwa sahihi. Hilo tuliliandika kwenye tiketi siku ya kwanza pamoja na dawa yake: ama miamala ianze siku ya kwanza ya mwaka huu na masalio yawe ya siku iliyotangulia, ama ije miamala yote tangu vitabu vilipofunguliwa bila salio lolote la kuanzia. Kuchanganya nusu ya hiki na nusu ya kile hakuwezekani. Jibu lenu lilikuwa kiungo cha ukurasa unaofundisha jinsi ya kubadilisha nembo kwenye ankara.

Tarehe nazo. Programu ya zamani hutoa faili la CSV (jedwali la maandishi matupu), tarehe zikiwa kwa mpangilio wa siku, mwezi, mwaka. Zana yenu ikasoma mwezi kwanza bila kuuliza. Ankara ya 05/03, yaani Machi 5, ikawa ya Mei 3. Zenye siku ya 13 na kuendelea zilikataliwa, na heri hizo, kwa kuwa kosa lake lilionekana. Balaa ni za tarehe 1 hadi 12: ziliingia kimyakimya zikatawanyika mwaka mzima (04/04 na wenzake tu ndio walionusurika), stakabadhi zikatangulia ankara zake, na kodi ya ongezeko la thamani ikahamia miezi isiyo yake. Namba za wateja zikapoteza sifuri za mbele. 0045 na 045 wakawa 45 mmoja, wadaiwa wawili wakalala leja moja. Tulitengeneza yote hayo. Tarehe tuliziandika upya mwaka ukiwa mbele, na kila namba ya mteja tukaipachika herufi, C0045, ili isisomwe kama tarakimu tupu.

Muunganisho wa benki mliuwasha ninyi kabla upakiaji haujakamilika. Ukavuta miamala ya siku 90 nyuma, ambayo tayari ilikuwa kwenye faili. Ulitakiwa uanze siku inayofuata tarehe ya kukatia hesabu (siku ya mwisho ya miamala ya faili), si kabla. Miamala 1,316 ikajirudia, nasi tukaifuta mmoja mmoja, kwa sababu kichujio chenu cha miamala pacha hulinganisha maelezo, na maelezo ya benki hayafanani kamwe na ya mtunza vitabu. Kingelinganisha tarehe na kiasi tungemaliza siku hiyo hiyo.

Ziongezeni usuluhisho wa benki, yaani kulinganisha vitabu na taarifa ya benki, mara 27 (akaunti 3 kwa miezi 9), viambatanisho 640, na kazi ya kuunganisha kila stakabadhi na ankara iliyolipwa. Hapo ndipo penye jasho. Faili la CSV hubeba tarehe, akaunti, maelezo na kiasi. Halibebi picha ya ankara, alama ya usuluhisho, wala uhusiano wa malipo na deni. Uhusiano huo ukipotea, jumla ya wadaiwa hubaki ile ile lakini orodha ya umri wa madeni, inayoonyesha nani anadaiwa na tangu lini, hugeuka uongo: aliyelipa anaonekana anadaiwa, na pembeni yake inaning'inia stakabadhi isiyo na mwenyewe. Mteja wetu akiifuata orodha hiyo atawadai watu waliokwisha kumlipa. Anayesema "pakieni upya" anadhani vitabu vyote vimo kwenye faili.

Ndiyo maana tunarudi kwenye Jumatano, na safari hii tunasema yote.

Kabla ya kugusa kipanya, ofisa wenu alimgeukia mteja wetu, si sisi, akamwambia: "Vitabu hivi vilikuwa vimeoza kabla havijafika kwetu. Muulize mhasibu wako." Alisema hivyo akiwa ameifungua ile akaunti ya muda, tofauti iliyoletwa na zana yenu ikiwa imebaki pale makusudi. Tuliiacha, na tulikuwa tumewaandikia kwamba tunaiacha, ili muione. Mteja akanyamaza. Sisi tukaanza kueleza, ofisa akatukata kauli, akaomba kipanya, akashuka hadi kwenye kitufe, akaandika jina la kampuni herufi kwa herufi, akabonyeza. Skrini ikawa nyeupe. "Haya, sasa pakieni upya." Mteja akauliza ankara zake zimekwenda wapi. Hakujibiwa, ofisa aliaga akatoka. Dakika 4 baadaye ikaja barua pepe: tiketi yenu imetatuliwa, mnatupa nyota ngapi?

Kuna jingine tuliloligundua Alhamisi. Kwa kuwa alitumia kipanya chetu, kumbukumbu ya ukaguzi, inayoandika nani alifanya nini kwenye programu, inasema data zimefutwa na mtumiaji wa ofisi yetu. Tulipoomba mrejeshe bekapu (nakala ya akiba), mkatujibu kwamba kwa mujibu wa sera, data iliyofutwa na mtumiaji mwenyewe hairejeshwi. Mtu wenu afute kwa mkono wetu, kisha mkono wetu uwe ushahidi dhidi yetu! Someni tena mwongozo wenu wa vikao vya mbali, sehemu inayomkataza ofisa kuthibitisha ufutaji kwa niaba ya mteja. Kama hamuuoni, tutawatumia.

Tungeweza kurudi kwenye programu ya zamani tukatoa faili jipya. Lakini leseni yake mliigeuza kuwa ya kusoma tu tangu siku ya kwanza ya kuhama, ilhali masharti ya mpito yanaruhusu mifumo yote 2 ifanye kazi sambamba hadi mwezi mmoja kamili ufungwe pande zote na urari, wadaiwa, wadai na salio la benki vilingane. Tulipiga simu mara 6 kuhusu hilo. Mauzo walitupeleka ufundi, ufundi wakatupeleka malipo, malipo wakaturudisha mauzo. Danadana hizo zilianza siku 8 kabla ya Jumatano. Leseni ingefunguliwa wakati ule, kikao kile kisingehitajika kabisa.

Tunachodai. Rejesheni bekapu ya usiku wa kuamkia Jumatano. Kazi ya asubuhi ile tutairudia wenyewe bila kulalamika. Fungueni leseni ya zamani kwa kuandika na kutoa faili kwa siku 90. Toeni barua yenye sahihi inayosema nani alifuta data, saa ngapi na kwa kipanya cha nani, tuiweke kwenye jalada, kwa sababu mkaguzi wa mteja ataiona kumbukumbu ile na atauliza. Na mwandikieni mteja wetu, moja kwa moja, kwamba vitabu vyake havikuoza.

Hayo ndiyo tuliyokusudia kudai tulipoanza kuandika. Sasa tunaongeza: rudisheni ada yote ya kuhamisha, si ya mteja huyu peke yake bali ya wateja wetu wote 14 mliokwisha kuwahamisha, maana tumewakagua na 9 kati yao wana faida iliyohesabiwa mara 2. Gharama ya saa zetu za kurekebisha tutaiwasilisha kwa ankara, yenye tarehe ambayo hata zana yenu haiwezi kuikosea. Wateja wetu 24 waliobaki hawahamishwi na mtu yeyote mpaka haya yaishe, na yasipoisha wataondoka pamoja na wale 14.

Tulikuwa tumeandika siku 14 za kujibu. Tumezikata. Zisomeke siku 5 za kazi, kuhesabia leo. Siku ya 6 suala hili litakuwa kwa mamlaka ya ulinzi wa data, kwa sababu mfanyakazi wenu aliharibu kumbukumbu za fedha za mtu asiye mteja wenu bila ridhaa yake, na nakala itakuwa kwa mwanasheria wetu.

Msije mkaeleza kwamba ofisa alielewa vibaya. Kikao kilirekodiwa, na rekodi tunayo: dakika 38, kitufe kinabonyezwa dakika ya 31. Kati ya jina la kampuni kuanza kuandikwa na kukamilika zinapita sekunde 9, na sauti yetu inasikika humo mara 2 ikisema, "Subiri kwanza."

Wenu katika kazi,

Mhasibu Msimamizi