Magitaa ya injili ya zamani yana roho, tuyape nafasi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa moyoni muda sasa. Kwenye kurasa za burudani tunasoma sana habari za waimbaji wa injili wa leo, albamu mpya, tamasha, nani kashirikiana na nani, na sio vibaya kabisa, lakini wale walioimba injili na gitaa moja tu mkononi kule Marekani miaka ya 1920 na 1930 hawatajwi hata kwa bahati mbaya, na mi tangu nimeanza kuwasikiliza nasema bila kusita kwamba muziki wao unanigusa kuliko vingi vinavyotoka leo kwenye studio zenye kila kitu.

Nianze na Blind Willie Johnson kwa sababu ndiye aliyenishika. Mtu wa Texas, kipofu, mhubiri, anaimba barabarani watu wakipita. Kampuni ya Columbia ilimrekodi kati ya 1927 na 1930, nyimbo 30 tu basi, na zote ni za dini. Sauti yake mara nyingi ni ya kukwaruza, nzito, anaitoa chini kabisa kifuani, ukisikia mara ya kwanza unaweza kudhani mtu ana hasira, alafu ghafla anaishusha inakuwa laini kabisa na unaelewa kwamba alikuwa anaomba. Lakini kilichonimaliza ni gitaa. Anaanza mstari, anafika katikati, ananyamaza, na gitaa ndilo linamalizia maneno! Sio kwamba kasahau, hapana, uzi mwembamba unapanda na kushuka vile vile ambavyo sauti ingepanda na kushuka na wewe unayesikiliza unajikuta unayatamka yale maneno mwenyewe kichwani.

Wanaopiga gitaa watanielewa hapa. Nyuzi zilikuwa zinatyuniwa ili ukizipiga zote bila kubana chochote zinatoa kodi kamili, yaani sauti kadhaa zinazopatana kwa pamoja, sasa badala ya kubana na vidole anatelezesha kitu kigumu juu ya nyuzi (wengine wanasema kisu, wengine shingo ya chupa), kidole gumba huku kinashikilia mapigo kwenye besi bila kuyumba, na uzi wa juu unalia. Kwa kuwa hakigotei kwenye vile vyuma vya shingo ya gitaa, sauti inaweza kukaa katikati ya noti mbili, pale pale ambapo mtu akilia sauti yake inakaa. Kinanda hakiwezi kufika hapo. Mi naamini nusu ya siri ya muziki huu iko hapo.

Kuna wimbo wake mmoja, Dark Was the Night, Cold Was the Ground, alirekodi Dallas Desemba 1927. Hauna maneno. Jina limetoka kwenye tenzi ya zamani ya Kiingereza kuhusu Bwana Yesu usiku wa mateso, yeye maneno yote kayaacha, anavuma tu na kuguna na gitaa linamjibu, dakika tatu na kitu, na ukimaliza unajua kila kilichosemwa. Mwaka 1977 ule wimbo uliwekwa kwenye sahani ya dhahabu iliyopakiwa kwenye vyombo vya Voyager vikarushwa angani, na mpaka leo viko huko mbali kuliko kitu chochote alichotengeneza binadamu. Na mwenyewe alikufa 1945 mjini Beaumont, maskini, baada ya nyumba yao kuungua, mjane wake alikuja kusimulia kwamba waliendelea kulala humo humo kwenye mabaki. Hilo linaniuma mpaka leo kila nikimsikiliza.

Wapo watakaosema ah, hiyo si injili, hiyo ni blues, ule muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi, imebadilishwa maneno. Hapana jamani. Ni kweli waimbaji wa injili na wa blues walipiga kwenye mitaa ile ile, kwa magitaa yale yale, na wakati mwingine hata nyimbo zile zile, na makanisa mengi ya wakati ule yaliona gitaa ni chombo cha baa. Lakini yalikuwepo makanisa ya Kipentekoste kama Church of God in Christ ya askofu Charles Mason kule Memphis, ambako gitaa, ngoma na matari viliingia ibadani mchana kweupe, na Biblia iko upande wao, Zaburi ya 150 inataja kinubi, zeze, matari na matoazi yote kwa pamoja. Kwa hiyo gitaa halikuvamia kanisa juzi, lilikuwemo.

Na kanisa hilo hilo ndilo lililotoa Sister Rosetta Tharpe. Kazaliwa Cotton Plant, Arkansas, mwaka 1915, mama yake alikuwa mwinjilisti anapiga mandolini, na mtoto akiwa bado mdogo kabisa tayari anapiga gitaa na kuimba mbele ya waumini. 1938 akarekodi na kampuni ya Decca, akaimba Cotton Club kule New York, mwaka huo huo akaimba ukumbi mkubwa wa Carnegie Hall, na watu wengine wa kanisani wakakasirika kweli kwamba nyimbo za Mungu zinaimbwa kwenye klabu ya usiku. Mi siwalaumu waliokasirika, walikuwa na uchungu na imani yao, ila nikisikiliza zile rekodi sisikii mtu aliyemwacha Mungu mlangoni. Baadaye akashika gitaa la umeme, na hapo ndio balaa, zile solo zake, pale gitaa linapoongea peke yake, ni fupi, kali, zimekaa pale ambapo mhubiri angesema haleluya. Wanamuziki maarufu Johnny Cash na Little Richard wote walimtaja, lakini yeye alikuja kuingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, jumba la kuwaenzi magwiji wa muziki wa rock, 2018, miaka 45 baada ya kufa. Miaka 45! Tafuteni ile video ya 1964 aliyopigwa kwenye kituo cha treni Manchester, Uingereza, mvua imetoka kunyesha, amevaa koti, anapewa gitaa anaanza, mtaona wenyewe.

Yupo pia Reverend Gary Davis, kipofu mwingine, wa South Carolina, miaka mingi alihubiri na kuimba mitaani Harlem, kule New York. Huyu alikuwa anatumia kidole gumba na cha shahada tu mkono wa kulia, viwili tu, na ukisikiliza utaapa kuna magitaa mawili. Na Pops Staples wa Mississippi aliyekuja kuimba na watoto wake, gitaa lake linatetemeka taratibu kwa nyuma na sauti za watoto zinapanda juu yake, miaka ya 1950 hiyo, tayari ni kitu kingine lakini mzizi ni ule ule.

Sasa wengi wakijaribu hizi rekodi za mwanzo wanaacha baada ya sekunde chache kwa sababu ya mikwaruzo. Naomba msiache. Zile zilikuwa santuri za mizunguko 78 kwa dakika, kila upande unabeba kama dakika tatu hivi, na nyingine zimebaki nakala chache zilizochakaa. Hakuna kurudia kipande, hakuna kurekebisha sauti, mtu anakaa mbele ya maikrofoni anaimba wimbo wote kwa mpigo mmoja na akiharakisha kidogo kwa hisia inabaki hivyo hivyo. Ukivumilia, mikwaruzo sikio linaizoea, inabaki sauti ya mtu. Na kwa kuwa mwimbaji na mpigaji ni mtu mmoja, gitaa linapumua anapopumua, linangoja anapongoja. Bendi ya watu wanane hata wawe mafundi vipi hilo linawapa shida.

Ombi langu, mhariri, ni hili. Ukurasa wa muziki utenge hata nafasi ndogo kila mara kwa hawa watu, mmoja mmoja, na habari zao ziandikwe kwa kina sio mistari miwili ya kumbukumbu ya kifo. Na walimu wa kwaya wanaosoma hili gazeti nawaomba sana, Jumapili moja zimeni kinanda na ngoma, mwacheni mpiga gitaa na mwimbaji mmoja wafanye wimbo mmoja wa zamani polepole, mistari mingine gitaa liiseme peke yake, alafu mtuandikie hapa hapa waumini walipokeaje.

Msomaji wenu, mpenzi wa muziki wa injili