Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Boksi kwenye mkono wa njiti

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto njiti, katika hospitali ambayo sitaitaja kwa kuwa bado nala mshahara wake. Nakuandikia kuhusu maboksi.

Njiti wa gramu 800 akiwekewa kanula, yaani mrija mdogo wa kupitishia dawa kwenye mshipa, mkono wake lazima unyooshwe usikunjike. Kibao maalumu hatuna. Tunakata boksi la dawa, tunalizungushia pamba na gozi, tunafunga kwa plasta. Boksi lenyewe limetoka stoo, limeshakaa sakafuni, na masika lilipata maji ingawa kwa nje limeandikwa litunzwe pakavu.

Ngozi ya mtoto wa wiki 26 haijakomaa. Plasta ikibanduliwa, inaondoka nayo. Ukichanganya na joto na unyevu wa inkubeta, fangasi hana cha kulalamikia.

Mwaka 1996 madaktari wa Uingereza walieleza katika jarida la Lancet jinsi njiti walivyopata fangasi aina ya Rhizopus, ambaye huiozesha nyama. Uchunguzi uliwapeleka kwenye vijiti vya mbao vya kukandamizia ulimi, ambavyo wauguzi walivitumia kunyooshea mikono ya watoto. Wenzetu hao walitumia vijiti vya kiwandani. Sisi ni boksi la stoo!

Tunayemwogopa zaidi kila siku ni fangasi mwingine, Candida. Katika wiki mbili za mwanzo ngozi inakuwa nyekundu kama iliyoungua, inabanduka, inafanya magaga. Mama akiuliza, anaambiwa ni joto tu. Nami nimewahi kumjibu mama hivyo, na jibu lile linanisumbua hadi leo. Fangasi akishaingia kwenye damu tunampa mtoto ampisilini na jentamaisini, dawa za bakteria, ambazo kwa fangasi ni kama maji. Amfoterisini B, dawa ya fangasi, inapopatikana, imewekwa kwa ajili ya watu wazima wenye homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi.

Naomba vibao laini, safi, vya kutumika mara moja kisha vikatupwa. Naomba maabara za hospitali za rufaa za mikoa ziweze kuotesha fangasi kutoka kwenye ngozi na damu ya mtoto, na dawa yake iwepo wodini kabla majibu hayajatoka.

Kila tarehe 17 Novemba, Siku ya Njiti Duniani, wageni huja wodini wamevaa zambarau na kupiga picha. Ukija wewe, Mheshimiwa, tafadhali fungua ile gozi uone kilichomo ndani.

Muuguzi, wodi ya njiti