Shule zicheze kwa majina yao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu michezo ya shule za sekondari mkoani kwetu Iringa. Nitapita njia ndefu kidogo, hadi Marekani kwenye barafu, ila nitarudi.

Msimu uliopita gazeti lako liliandika habari za UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari nchini, ngazi ya mkoa kwa mistari michache: wilaya fulani imetwaa ubingwa wa soka wavulana, nyingine imebeba netiboli, mgeni rasmi akawaasa vijana wazingatie nidhamu na masomo. Mfungaji hakutajwa, kipa hakutajwa, wala shule wanakosoma hao vijana. Simlaumu mwandishi. Hata angetaka kuitaja shule, angetaja ipi, wakati timu iliyocheza ni kombaini, vijana wa shule mbalimbali waliokusanywa, wakavalishwa jezi moja, na mashindano yakiisha kila mmoja akapanda basi lake?

Nimefundisha michezo maisha yangu yote ya kazi, nikianzia Makete ambako mwezi wa saba sakitu inaunguza majani ya viazi na watoto wanakimbia mchakamchaka huku midomo inatoa mvuke, nikamalizia huku Kilolo. Najua kombaini inavyochaguliwa, nimekaa kwenye hizo meza za uteuzi. Sikuwa na la kulinganisha nalo mpaka alipokuja mzee mmoja kutoka Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani.

Wasomaji wako wa Kilutheri wanaufahamu udugu wa Bega kwa Bega kati ya Dayosisi yetu ya Iringa na Sinodi ya Saint Paul. Wageni huja, hulala kwenye nyumba zetu, huimba nasi, hurudi kwao. Huyu mzee alikuja na kundi lililofuatilia mambo ya maji. Alipoambiwa kwamba mwenyeji wake alikuwa mwalimu wa michezo, habari za pampu na matangi ziliishia hapo hapo. Jioni ile mke wangu alitenga ugali na mboga ya maboga, ukapoa mezani, mzee anaeleza mashindano ya shule za sekondari ya mpira wa magongo wa barafuni. Mimi nilikuwa najua magongo ya uwanja wa nyasi tu. Akachukua kisahani cha kikombe akakisukuma juu ya meza kuonyesha jinsi kile kipande cheusi cha mpira mgumu kinavyoteleza. Wachezaji sita kila upande, kipa akiwamo, wamevaa viatu vyenye makali ya chuma chini, vipindi vitatu vya dakika 17. Sare ikitokea kwenye mtoano hakuna kura wala penalti. Wanaongeza muda, na bao la kwanza linamaliza kazi.

Mashindano hayo yalianza Februari 1945 pale Saint Paul. Anayetajwa kuyaanzisha ni Gene Aldrich, aliyesimamia michezo ya shule za mji huo. Timu nane ziliingia. Shule ya Eveleth iliichapa Granite Falls 16 kwa 0 katika mechi yao ya kwanza, kisha ikaifunga Thief River Falls 4 kwa 3 katika fainali. Hebu angalia, Mhariri: nayajua matokeo ya watoto wa shule waliocheza mwaka 1945 upande wa pili wa dunia, wakati Vita Kuu haijaisha. Sasa niulize nani alikuwa bingwa wa soka wa shule za mkoa wa Iringa mwaka 1988. Nilikuwepo uwanjani Samora siku ile na bado siwezi kukuapia, kwa sababu ilikuwa kombaini kwa kombaini, na kumbukumbu zilizopelekwa kwenye ofisi inayohusika hazionekani tena.

Eveleth ni mji wa migodi ya chuma kaskazini mwa jimbo lile. Enzi hizo ulikuwa na watu wasiofika elfu saba, wengi wao familia za wachimbaji waliohamia kutoka Ulaya. Ila walikuwa na baridi ya kutosha, na walikuwa na ukumbi wa barafu uliojengwa mwaka 1922. Kuanzia 1948 hadi 1951 vijana wa shule ile walitwaa ubingwa mara nne mfululizo bila kupoteza hata mechi moja: michezo 69, ushindi 69. Kipa wao alikuwa Willard Ikola. Mshambuliaji wao, John Mayasich, katika mashindano ya 1951 alifunga mabao 15 kwa mechi tatu, saba kati ya hayo katika mechi moja. Wote wawili walikwenda Olimpiki ya 1956 wakarudi na medali ya fedha; Mayasich akaongeza ya dhahabu mwaka 1960. Ikola baadaye akawa mwalimu wa timu ya shule ya Edina, akaipa ubingwa wa jimbo mara nane.

Mzee alikuwa akitaja jina la Mayasich kama mzee wa Kihehe anavyomtaja Mkwawa, na mimi sikumcheka.

Kilichonigusa zaidi ya mabao ni jambo alilolisema kwa kupita tu. Shule ya Eveleth haipo tena. Wanafunzi walipungua, ikaunganishwa na ya Gilbert, na miaka ya karibuni ikaunganishwa tena na ya mji wa Virginia, wakaipa jina jipya kabisa. Shule imekufa, lakini ubingwa wake unasimuliwa. Huku kwetu shule zipo hai, zimepakwa rangi juzi, na ukiingia ofisi ya mkuu wa shule kuuliza waliwahi kushinda nini, unaonyeshwa kikombe cha plastiki kisicho na maandishi, pengine kimewekewa kalamu.

Baadaye nilipata bahati ya kwenda huko na ujumbe wa usharika, mwezi Machi. Wenyeji walitupeleka ukumbini Alhamisi, siku ya robo fainali za shule kubwa. Ule ukumbi wa Saint Paul wanaochezea mashindano tangu 2001 ndio nyumbani kwa timu ya kulipwa ya Minnesota Wild, unaingiza watu kama elfu kumi na nane, na kwa siku nne za mashindano wanapita watu zaidi ya laki moja. Kutazama watoto wa shule! Bendi za shule zinapuliza matarumbeta, kile kisahani kikigonga ubao wa pembeni unadhani mtu amevunja mlango, na katikati ya vipindi inaingia gari kama trekta dogo kulainisha barafu na watu wanaishangilia nayo. Wachezaji wakitambulishwa wanavua kofia kuonyesha nywele walizofuga kwa ajili ya siku hiyo. Mimi mwalimu wa zamani mkono uliniwasha kutafuta mkasi. Nyuma yetu alikaa babu amevaa koti la shule yake, limemkaa kifuani kwa shida, na beji ya mwaka aliocheza. Hakuna aliyemwona kituko.

Pale watu hawasemi wilaya fulani iliifunga wilaya fulani. Jimbo limegawanywa kanda nane, mshindi wa kila kanda anakwenda Saint Paul kwa jina la shule yake, jezi yake, bendi yake, na wazazi wake kwenye mabasi. Ndiyo maana mwaka 1955, Minneapolis South ilipoitoa Thief River Falls 3 kwa 2 baada ya vipindi kumi na moja vya nyongeza, pande zote mbili zina watu wa kuisimulia mpaka leo. Mwaka huo huo bingwa alikuwa Saint Paul Johnson, na mmoja wa wachezaji wake, Herb Brooks, ndiye aliyekuja kuifundisha timu ya Marekani iliyoishangaza dunia kwa kuwafunga Wasovieti mwaka 1980. Katika nusu fainali ya 1996 Apple Valley na Duluth East walicheza nyongeza tano. Mechi ikaisha saa saba na dakika 39 usiku, 5 kwa 4 kwa Apple Valley. Kipa wao Karl Goehring alikuwa ameokoa mara 65. Walilala saa chache tu, wakarudi uwanjani na kutwaa ubingwa. Hesabu ya mipira aliyookoa kipa wa sekondari, Mhariri. Kwetu hata mabao tunabishania.

Wasomaji wengine watasema kombaini inamsaidia kijana mwenye kipaji aliye kwenye shule dhaifu. Ni kweli, na siombi ifutwe. Ngazi ya taifa iendelee na kombaini yake. Nilikuwa na winga mmoja wa kushoto pale shuleni kwangu, mtoto wa wakulima wa nyanya wa hapa Ilula, ambaye bila kombaini asingefika mbali ya Kitonga. Lakini alipoondoka na kombaini tulibaki hatujui kilichompata. Alicheza nafasi gani? Alifunga? Shule iliyomlea haikuletewa hata karatasi. Wadogo zake waliomfuata pale shuleni hawakuwahi kusikia jina lake, na wangelisikia wapi?

Wapo pia watakaosema shule ndogo zitachapwa mabao kumi na sita kama Granite Falls. Hilo hata wenzetu liliwasumbua. Kwa miaka mingi walikuwa na bingwa mmoja tu, shule ya vijijini ikisimama na shule ya mjini yenye wanafunzi maelfu. Mwaka 1969 Warroad, mji mdogo mpakani mwa Kanada, uliingia fainali na Edina. Nyota wao Henry Boucha, kijana wa kabila la Ojibwe, aliumizwa akatolewa, na Warroad bado wakaipeleka mechi kwenye nyongeza kabla ya kufungwa 5 kwa 4. Waliofungwa ndio wanaokumbukwa zaidi katika mechi ile. Hatimaye mwaka 1992 wakagawa mashindano sehemu mbili, na tangu 1994 mgawanyo ukawa wa madaraja kufuatana na ukubwa wa shule. Mzee wangu hajawasamehe hadi leo. Anasema waliua utamu, kwamba Eveleth nyingine haiwezi kuzaliwa tena kumpiga mkubwa. Mimi kwa hili nipo upande wake, ingawa nimeona shule za kata zenye mpira mmoja uliotoboka na najua uchungu wa kufungwa kumi. Tuanze na daraja moja. Shule ya kata ya kule Mgololo ikija kuifunga shule ya manispaa mbele ya watu Samora, hiyo habari itajiandika yenyewe.

Na wasichana wasisubiri. Minnesota ilikuwa jimbo la kwanza Marekani kuuweka mchezo huo wa wasichana katika michezo rasmi ya sekondari, na mashindano yao ya kwanza yalichezwa mwaka 1995, miaka hamsini baada ya kaka zao. Bingwa alikuwa Apple Valley. Sisi netiboli tunayo tayari, wachezaji tunao, na kusema kweli mechi za netiboli za Kilolo na Mufindi zina ushindani kuliko soka.

Ninachoomba si barafu. Naomba wakuu wa shule na maofisa michezo wa halmashauri zetu wakubaliane kitu kimoja: kabla ya kuchagua kombaini, shule zenyewe zishindane kwa mtoano, soka wavulana na netiboli wasichana, kila wilaya itoe mbili, kisha zikutane Iringa mjini Ijumaa na Jumamosi moja inayojulikana, isiyohamishwa kwa sababu mgeni rasmi ana safari. Nauli ni ya siku mbili tu. Makocha wa kombaini wakae jukwaani na madaftari, wachague kutoka hapo. Wataona kijana akicheza kwa ajili ya shule yake, jambo ambalo kwenye majaribio ya nusu saa halionekani.

Na wewe Mhariri, siku hiyo utuletee mwandishi mmoja atakayekaa mpaka mwisho. Aandike vikosi vyote, majina mawili mawili, mfungaji na dakika, kipa, mwamuzi, na mtoto anatoka kijiji gani. Utauza nakala nyingi Pawaga, Idodi na Nyololo ambako sasa hivi gazeti lako linafika kwa kufungia vitumbua.

Ngao nitaichongesha mimi. Nimeshaongea na fundi wa Mafinga, amenionyesha ubao mpana wenye nafasi ya vibao vidogo vya shaba hamsini, na bei tumeafikiana. Kinachosubiriwa ni jina la kuandika kwenye kibao cha kwanza.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa michezo,
Ilula, Kilolo