Mheshimiwa Mkurugenzi, futa alama ya X kwenye mbuyu wetu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima zote nakuandikia hadharani, kwa sababu barua tatu nilizozileta ofisini kwako kwa mkono na kugongewa muhuri wa kupokelewa hazijajibiwa hadi leo.

Alfajiri ya Jumatano iliyopita, mbuyu mmoja kati ya miwili iliyosalia mtaani kwetu hapa Dar es Salaam uliangushwa. Nilipofika, shina lilikwisha kukatwa mapande, na ndani yake hamkuwa na ubao wala kuni. Mlikuwa na nyuzinyuzi laini zilizochuruzika maji kama nguo iliyotolewa kwenye beseni. Watu wazima walisimama kimya. Mbuyu haufai mbao wala mkaa, na nadhani ndiyo maana waliofyeka misitu ya hapa zamani waliuacha, mpaka ulipofika wakati wetu.

Tumeambiwa ni mtaro wa maji ya mvua. Wengine wanasema kiwanja kimeuzwa. Mimi nahisi mchoro ulichorwa na mtu ambaye hakufika kuona. Najua jiji linakua: sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani, ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728, na wote hao wanahitaji barabara na mitaro. Wanahitaji kivuli pia, nami ni mmoja wao, kwa kuwa cherehani yangu ilikaa chini ya mbuyu ule kwa miaka 18 na sasa nashona juani, na wateja hawakai tena kusubiri.

Mwaka jana, kwenye mkutano wa mtaa, ulituahidi kwamba hakuna mti wa asili utakaoguswa bila wananchi kushirikishwa. Nilikuwepo, nikakupigia makofi. Leo tunaahidiwa miche ya miashoki. Ni kweli hata mbuyu ulianza kama mchicha, lakini mwashoki hautachanua usiku popo wakaja, wala hautawapa watoto ubuyu. Na hata mkipanda mbuyu wenyewe, watakaokaa kivulini mwake ni wajukuu wa wajukuu zangu.

Mheshimiwa, mbuyu wa pili umepigwa X ya rangi nyekundu, ile ile inayopigwa kwenye nyumba za kubomolewa. Sidai fidia, sidai kibanda. Naomba mtaro upindishwe hatua chache na alama hiyo ifutwe. Ifutwe wiki hii, Mheshimiwa, kwa maana katapila bado limeegeshwa pembeni yake.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi cherehani wa chini ya mbuyu